Watu Wanaotusaidia

Jina lake la kazini lilikuwa Mwalimu Nani, na waliolitunga ni watoto wa chekechea. Kila asubuhi, kabla hawajashika kalamu za rangi, aliwakalisha kwenye mkeka akaanza kuwauliza. Nani amefagia njia mliyopita? Nani ameshona hiyo sare? Mtoto akijibu "mama", alimrudia: "Na maji aliyokuogeshea mama, nani aliyaleta?" Mwisho mtoto alikwama, akatoa macho, na hapo ndipo mwalimu alipotaka afike.

Kwenye ratiba somo liliitwa Mazingira na Jamii, dakika thelathini, mara tatu kwa wiki. Walimu wengine walilitumia kupumzisha koo. Watoto walichora nyumba na jua, kengele ikalia, basi. Yeye aliliona ndilo somo lenyewe na mengine ni matayarisho. Herufi, alikuwa akisema, mtoto atazijua tu hata akichelewa. Lakini akifika miaka saba hajui kwamba anaishi kwa mikono ya watu, huyo kumrudisha ni kazi. Samaki mkunje angali mbichi, na samaki wake walikuwa wa miaka mitano.

Darasa lake ulilijua kwa kuchungulia tu. Kona moja ilikuwa nyumba, yenye sufuria ndogo na kitanda cha mwanasesere. Kona nyingine ilikuwa duka la maboksi matupu ya sabuni na chumvi, ambako kila siku waligombana nani awe mwenye duka na nani mteja, naye aliwaacha wagombane kidogo, maana hata huko ni kusoma. Ukutani palikuwa na ramani ya mtaa waliyoichora wenyewe kwenye karatasi za manila, na humo muuza pipi alikuwa mkubwa kuliko hospitali. Pembeni yake ilining'inia chati iliyotoka ofisini, imechapwa kwa rangi: "Watu Wanaotusaidia". Daktari, polisi, mwalimu, rubani, mzima moto. Wote wasafi, wote wanacheka.

Aliyemsaidia yeye hakuwamo kwenye chati hiyo. Mama yao alipofariki, yeye alikuwa na miaka tisa na kaka yake kumi na sita. Baba walimjua kwa picha. Kaka aliacha shule wiki ileile, akaenda kuomba kazi kwa mzee mmoja aliyekuwa akizibua mabomba ya maji taka. Alianza kwa kubeba waya wa kuzibulia, akaja kushuka mwenyewe kwenye chemba, yale mashimo yenye mfuniko ambamo uchafu wa nyumba nzima hukutana. Jioni alioga nje kwa sabuni ya kufulia, mara mbili, ndipo aingie ndani. Kisha alikaa chini na kusema, "Haya, nifundishe ulichofundishwa."

Hivyo mwanafunzi wa kwanza wa Mwalimu Nani alikuwa kaka yake. Alikuwa mzito wa kusoma, shuleni alikuwa akiishia nyuma ya darasa, lakini mdogo wake alimfuatisha mstari kwa kidole mpaka akaweza kusoma gazeti zima, hata matangazo ya vifo. Mtaani walimwita Zibua, jina likamganda. Na alikuwa na utani wake ambao hakuchoka kuurudia: "Siri ya mtungi aijuaye kata. Siri za wakubwa, niulizeni mimi."

Msichana alipochaguliwa chuo cha ualimu, kaka alimsindikiza mpaka getini, akaishia hapo.

"Ingia basi uone bweni," dada akamwambia.

"Nimeshaona geti, latosha. Sikiliza, mdogo wangu. Wakikuuliza una nani, sema una kaka, ni fundi. Usiseme zaidi."

"Fundi wa nini?"

"Mwenye adabu hataendelea kuuliza."

Akasema hivyo chuoni, akasema hivyo alipoolewa, akasema hivyo alipofiwa na mume kabla hawajapata mtoto, na walimu wenzake wakauliza nani atasimamia msiba. Kaka, ni fundi. Miaka ikapita, neno likawa ukuta.

Ile shule ya chekechea ilikuwa ya watu wenye uwezo wao, ina bustani na bembea. Kilichomchekesha yeye peke yake ni kwamba Zibua ndiye aliyekuwa akiitwa vyoo vya shule vikiziba. Mhudumu wa shule, aliyefagia, kuchemsha chai na kupeleka barua, alikuwa jirani yake Zibua, na ndiye aliyempeleka. Huyo tu ndiye aliyejua undugu wao, na mdomo wake ulikuwa mzito. Wakikutana uwanjani, mwalimu alisema, "Habari za kazi, fundi," naye alijibu, "Nzuri, mwalimu," kila mtu akashika njia yake. Huo ulikuwa mpango wa kaka. Dada alikuwa ameuzoea, na kuzoea jambo ni nusu ya kulipenda.

Jumatatu moja vyoo vya watoto viliziba vikafurika mpaka kwenye sakafu. Watoto wakahamishiwa upande wa pili, pua zimebanwa. Kwenye mkeka, mtoto mmoja wa kike aliyeng'oka meno mawili ya mbele akauliza, "Mwalimu, ukishavuta maji, kinaenda wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Swali zuri. Nani anajua?"

"Kinaenda chini kwa wadudu."

"Kinaenda baharini."

"Kinaenda kwa jirani."

"Huyu wa mwisho amekaribia," alisema mwalimu, na moyoni alikuwa ameshaamua.

Kesho yake alimkuta kaka ameinamia chemba nyuma ya jiko, buti mpaka magotini. Alisimama karibu kuliko walivyopatana.

"Fundi, nataka uje darasani kwangu."

Zibua alitazama kushoto na kulia. "Unaumwa? Mimi, mbele ya watoto wa watu?"

"Wameuliza swali. Jibu langu la kitabuni, lako la kweli."

Alizungusha waya mkononi. Mtu ambaye maisha yake yote hakupita zaidi ya geti, ukimwambia aingie, anaanza kuogopa miguu yake. Mwishowe akasema, "Alhamisi. Lakini nisiwaambie wewe ni nani wangu."

"Haitakuwa na haja," alijibu haraka.

Alhamisi Zibua alikuja amevaa shati la misiba na harusi, kucha zimesuguliwa mpaka nyekundu. Alileta kipande cha bomba linaloonyesha ndani, chupa ya maji aliyotia majani ya chai, na karatasi alizokunjakunja. Akamwaga maji, yakapita. Akatia karatasi, maji yakasimama. Watoto wakasogea mpaka wakamkalia miguu.

"Sasa bomba linalia tumbo," akawaambia. "Mimi ni daktari wake. Nalishtua kidogo." Akasukuma waya, karatasi ikachomoka, maji yakatoka kwa kishindo, darasa likashangilia.

Kisha akafungua mfuko na kuonyesha alivyovikuta chini kwa miaka mingi, vimechemshwa na kung'arishwa: kijiko, gari la kuchezea, kitana, na meno ya bandia ya mtu fulani. "Huyu bwana alisema yameibiwa," alisema. Hata mwalimu msaidizi, aliyekuja amekunja uso, alicheka mpaka akashika mlango.

"Huogopi huko chini?" mtoto mmoja akauliza.

"Naogopa. Kuna hewa haina harufu yoyote, na hiyo ndiyo mbaya kupita zote zinazonuka. Kwa hiyo siingii peke yangu. Lazima pawe na mtu juu ameshika kamba."

Yule wa mapengo akauliza, "Na wewe nani anakusaidia?"

Zibua alifikiri. "Mimi nina mdogo wangu. Ndiye aliyenifundisha kusoma."

"Yuko wapi?"

"Yuko kazini," alisema, na hakumtazama mtu.

Mwalimu alikuwa akipanga kalamu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Mchana ule watoto walichora mzibuaji wakambandika kwenye chati, buti zake zikamziba rubani. Wiki nzima kona ya nyumba haikuwa nyumba tena. Ilikuwa chemba, na wanasesere walishushwa humo kwa kamba. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake la maandalio kwamba hajapata kufundisha somo zuri kama lile. Na alikuwa amesema kweli.

Baba wa mtoto mmojawapo alikuwa wakili. Jumapili alikuwa na wageni mezani, wakamuuliza kijana wake akikua atakuwa nani. Akasema mzibuaji vyoo. Wakacheka. Kisha akawaeleza, sahani zikiwa mbele yao, choo cha nyumba ile kinakwenda wapi na huko chini kinakutana na nini. Hawakucheka tena. Jumatatu barua ilikuwa mezani kwa mkuu wa shule, na Jumamosi kikaitwa kikao cha wazazi.

Kilifanyika kwenye chumba cha walimu, viti vimepangwa duara. Wazazi tisa, mkuu wa shule, na Mwalimu Nani. Siku hizo alikuwa akingoja barua ya kufanywa kiongozi wa chekechea yote, nafasi aliyoisubiri miaka sita. Kila mtu alijua ni yake. Mhudumu alikuwa akizunguka na sinia la chai.

Wakili hakupaza sauti. Alikuwa mtu wa kazi yake, alijua sauti ndogo inauma zaidi.

"Sina ugomvi na kazi ya mtu. Kila kazi ni kazi. Ila mtu huyu amekaa na watoto wetu karibu saa nzima. Katoka wapi? Nani anamjua? Nani anamdhamini?"

Mama mmoja akaongeza kwamba mwanawe sasa hataki kunawa, anasema fundi hafi kwa uchafu. Mwingine akasema alidhani watoto wanaletewa watu wa kuigwa. Mkuu wa shule, mwanamke aliyependa mambo yaishe kabla ya saa sita, akageuka.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemleta. Unamfahamu huyu mtu?"

Angeweza kusema. Alikuwa na pumzi ya kutosha. Neno lilikuwa moja, silabi mbili, na hata mtoto wake wa mapengo angelitamka. Nyuso tisa zilimkazia macho, akaiona ile barua yake ikikunjwa na kurudishwa kwenye droo, akajisikia ananuka, yeye aliyeoga asubuhi ile.

"Hapana, simfahamu," akasema. "Ni fundi tu anayeitwa na shule. Nilimwomba azungumze na watoto maneno mawili matatu, yeye akakaa zaidi ya nilivyotaka."

Ulimi hauna mfupa. Hiyo sehemu ya mwisho hakuna aliyemuuliza. Aliitoa mwenyewe, kama mtu anayeongeza kuni kwenye moto uliokwisha kushika.

"Basi tusimwite tena," alisema mkuu wa shule. "Kuna kampuni zinafanya kazi hizo, zina vitambulisho na sare. Tumekubaliana?"

Wakakubaliana. Mwalimu naye alitikisa kichwa. Mhudumu aliweka kikombe mbele yake taratibu, halikumwagika hata tone, akatoka na sinia.

Kikao kilipokwisha alitembea moja kwa moja mpaka kwa kaka yake, karibu akimbie, viatu vya kazini vikimbana. Alimkuta uani akiosha waya kwa sabuni. Mke wa Zibua, wifi yake, alikuwa mwanamke wa maneno mengi na vicheko. Siku zote alimpokea kwa kumtupia kisu na vitunguu, amsaidie kumenya. Siku hiyo alitoa kiti ndani, akakipangusa kwa kitambaa, akamwambia binti yake, "Mpishe mgeni." Kisha akaleta chai kwenye kikombe chenye kisosi.

"Karibu, mwalimu," alisema Zibua.

"Kaka, nimekuja kabla hujasikia kwa watu."

"Nimeshasikia. Maneno hayana miguu, lakini yamekuacha nyuma."

"Nilibanwa. Ungekuwepo ungeona. Walinikodolea macho wote."

"Naamini."

"Na wewe mwenyewe ndiye uliyesema nisikutaje. Tangu chuo. Tangu getini."

"Nilisema." Alisuuza waya, akaukung'uta. "Nilikuomba usinitaje. Sikukuomba unikane. Wewe ndiye mwalimu, maneno unayajua kunishinda. Ni kitu kimoja?"

Aligeuzageuza kikombe kwenye kisosi.

"Hilo nalo lingepita," aliendelea kaka. "Mtu akishikwa pabaya husema lolote. Ila umesema nilikaa zaidi. Nilikaa kwa muda ulionipa. Ulikuwa palepale unapanga kalamu. Si ungenipa hata ishara, ningeondoka?"

Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Angemtukana, naye angelia, wifi angeingia kati, jioni wangekula pamoja. Lakini mtu huyu alikuwa amezoea kushughulika na uchafu wa watu bila kukunja uso.

"Kunywa chai," akamwambia. "Inapoa."

Mwisho wa muhula barua yake ilitoka, akawa kiongozi wa chekechea. Akapata ofisi yenye dirisha na kabati la kufunga kwa ufunguo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuandika utaratibu mpya wa wageni wa darasani, nao ulitakiwa uwe na orodha. Aliiandika yeye, kwa mwandiko wake mzuri. Daktari, polisi, rubani, mzima moto. Akaletewa chati mpya, ya zamani ikaingia kabatini pamoja na yule mzibuaji wa kuchorwa mwenye buti kubwa.

Mwalimu kijana aliyeshika darasa lake alimfuata siku moja na daftari. "Watoto wameniuliza nani anayezika watu. Niwaambieje? Naweza kumwomba yule mzee wa makaburini aje?"

"Fuata chati," alimwambia.

"Lakini nilisikia wewe zamani—"

"Fuata chati, mwalimu. Waambie watajifunza wakiwa wakubwa."

Kijana alifunga daftari. Baada ya hapo hakurudi kuuliza kitu, na somo lile likawa la kupumzisha koo kama kwa wengine.

Kwa kaka aliendelea kwenda. Kila likizo, kila kukiwa na ugonjwa. Kila mara alipangusiwa kiti. Zibua alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za kazi, akamsindikiza mpaka barabarani, na njiani walizungumzia hali ya hewa. Vitunguu hakupewa tena amenye.

Mwaka wa pili, siku alipobaki na mkuu wa shule peke yao wakihesabu vitabu vya hadithi, maneno yalimtoka bila kuyaita.

"Yule fundi wa vyoo tuliyekubaliana tusimwite tena. Ni kaka yangu. Wa tumbo moja."

Mkuu wa shule aliinua miwani. "Kweli? Sasa mbona hukusema siku ile?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Ungesema tu. Wakili angenyamaza palepale, maana alichotaka ni kujua nani anamdhamini. Mimi shemeji yangu ni mchinjaji, nani amenifukuza?" Akaguna, akarudi kwenye vitabu. "Umeihangaisha nafsi yako bure. Thelathini na ngapi hapo?"

"Thelathini na nne," alisema Mwalimu Nani.

Usiku ule na siku nyingi zilizofuata, neno lililomla halikuwa "simfahamu". Lilikuwa "bure".

Binti ya Zibua alipoolewa, mwaka uliofuata, mhudumu alimletea mwaliko shuleni ndani ya bahasha. Ni kadi waliyogawiwa majirani na wafanyakazi wenzake bwana harusi. Juu iliandikwa kwa mkono wa kaka, herufi kubwa zilizolala upande, zilezile alizomfundisha kuziandika: "Mwalimu". Hapakuwa na shangazi mahali popote.

Alishona nguo mpya. Ukumbini kijana wa mapokezi alisoma kadi, akampeleka safu ya saba, kwenye viti vya wageni waalikwa. Mbele, karibu na jukwaa, walikaa ndugu, wamevaa kitambaa kimoja. Kitambaa hicho alikiona siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Msema chochote alipita na kipaza sauti akitambulisha familia. Baba wa bibi harusi akasimama, amevaa suti ya kuazima iliyombana kwapani, watu wakampigia makofi. Mama akasimama. "Na shangazi yetu? Shangazi yuko wapi?" Jirani mmoja wa wifi, mama mnene mwenye furaha zake, akanyanyuka akapunga mkono. Watu wakashangilia. Zibua naye alipiga makofi, macho yake yakiangalia maua ya mezani.

Jirani yake Mwalimu Nani pale safu ya saba alikuwa bwana mmoja wa ofisini kwa bwana harusi, mchangamfu, aliyechoka kukaa kimya.

"Wewe ni wa upande gani, mama?"

"Wa bibi harusi."

"Mnafahamiana kwa kazi?"

Aliigeuza kadi magotini. Kisha akasema, "Mimi ni shangazi yake. Baba yake ni kaka yangu. Ndiye aliyenilea."

Yule bwana alimtazama, akatazama nguo yake isiyofanana na ya ndugu, akatazama kadi iliyokuwa magotini mwake. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayeupokea mzaha asioufahamu vizuri.

"Shangazi mzima, na umekaa huku na sisi?" alisema, akajisogeza kidogo kumpisha mhudumu wa ukumbi aliyekuwa akipitisha soda.

Chakula kilipotangazwa, alipanga mstari na wageni wengine, akala alichopakuliwa. Kisha akapanga mstari mwingine wa kupongeza. Bibi harusi alimkumbatia kwa haraka, kwa kuwa watu walikuwa wengi. Zibua alimpa mikono yote miwili, akamshika imara.

"Asante sana kwa kuja, mwalimu."

"Hongera, kaka," alisema.

Nyuma yake mtu alikuwa ameshanyoosha mkono, naye akapisha.